Kufuatilia maonyo ya vichanganuzi tuli kutoka toleo moja la kifurushi hadi jingine

mtunza_vifurushi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninatunza kifurushi cha Debian (mfumo huru wa Linux) cha maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kila wasanidi wa maktaba hiyo wanapotoa toleo jipya, mimi hulipitisha kwenye vichanganuzi tuli vitatu (zana zinazotafuta kasoro kwa kusoma msimbo bila kuuendesha), yaani cppcheck, kichanganuzi cha kompaila ya Clang na kompaila ya GCC iliyowashiwa kichanganuzi chake kwa -fanalyzer, kabla ya kuliruhusu liwafikie watumiaji. Ripoti za kila toleo nazihifadhi katika mafaili ya maandishi, kisha nalinganisha ya zamani na mpya kwa amri ya diff.

Utaratibu huo ulitosha wakati matoleo yalipokuwa yakitofautiana kidogo. Safari hii wasanidi wameongeza maelezo ya leseni mwanzoni mwa kila faili na kuhamishia mafaili kadhaa kwenye saraka ya src/, na wakati huohuo mashine yangu ya kujengea imehama kutoka Debian 12 kwenda Debian 13. Sasa diff inaonyesha kwamba karibu maonyo yote ya zamani yametoweka na karibu yote yaliyopo ni mapya, jambo ambalo haliwezi kuwa kweli. Kwa mfano, katika toleo lililopita kulikuwa na onyo la -Wanalyzer-possible-null-argument kwenye mstari wa 118 wa soma.c, mahali ambapo msimbo unaomba kumbukumbu kwa malloc na kuikabidhi moja kwa moja kwa memcpy, inayonakili data, bila kukagua kama ombi lilikubaliwa. Katika toleo jipya onyo hilohilo, kwa maneno yaleyale, liko kwenye mstari wa 139 wa src/soma.c, nayo diff inalihesabu kuwa kasoro moja iliyorekebishwa na nyingine iliyozaliwa.

Naomba msaada wa kujua ni kwa njia gani onyo linaweza kutambuliwa kuwa ni lilelile baada ya msimbo kusogezwa. Pia ningependa kujua namna ya kutenganisha maonyo yaliyoletwa na mabadiliko ya msimbo na yale yaliyoletwa na kompaila mpya, kwa kuwa watumiaji wa kifurushi hiki wanastahili kupata jibu la kweli wanapouliza kama toleo jipya ni salama kuliko lililotangulia.

msomaji_wa_viraka alijibu:

Ndugu mtunzaji, kiini cha tatizo lako ni kwamba umeifanya namba ya mstari kuwa utambulisho wa onyo, na hiyo ni sawa na kumtambua mpangaji kwa namba ya chumba alichopanga. Namba ya mstari inafaa kumwonyesha msomaji pa kutazama, lakini isiingie kabisa katika ulinganisho.

Suala hili lilishughulikiwa mapema na watu wa FindBugs, kichanganuzi cha Java kilichotoka Chuo Kikuu cha Maryland, ambao mwaka 2006 walieleza njia mbili za kufuata maonyo katika matoleo yanayofuatana. Njia ya kwanza ni kuyaoanisha maonyo ya matoleo mawili kwa hatua: kwanza yale yanayofanana kila kitu, kisha yaliyobaki kwa vigezo vilivyolegezwa kidogo, na kuendelea hivyo. Njia ya pili ni kulipatia kila onyo saini inayokokotolewa kutokana na mambo yasiyobadilika ovyo, halafu kulinganisha saini peke yake. Amri yao ya computeBugHistory, ambayo hadi leo imo katika SpotBugs iliyoirithi FindBugs, hukusanya matokeo ya matoleo mengi katika faili moja na kuonyesha kila onyo lilianzia toleo gani na kuishia lipi.

Kwa upande wa C, kichanganuzi cha Clang hukokotoa heshi (msimbo mfupi unaotumika kama saini) ya kila onyo kutokana na jina la kikaguzi kilicholitoa, aina ya kasoro, tamko la funksheni iliyolibeba, safu ya herufi ambapo tatizo limeonekana, na maandishi ya mstari wenyewe baada ya kuondolewa nafasi tupu. Namba ya mstari haimo. Leseni ikiongezwa juu ya faili, heshi haitikisiki. Funksheni ikibadilishwa jina, heshi hubadilika, na hapo ndipo utahitaji kuoanisha kwa vigezo vilivyolegezwa. Heshi hizi hutumiwa na CodeChecker, mradi ulioanzishwa na Ericsson, ambao amri yake ya `CodeChecker cmd diff` hupokea ripoti mbili na kukutajia yaliyo mapya, yaliyotatuliwa na yaliyobaki, kila kundi peke yake.

Kama hutaki kusimika CodeChecker, itazame csdiff inayotumiwa katika mifumo ya Linux ya Fedora na Red Hat kwa kazi hiihii ya vifurushi. Inasoma ripoti za GCC za maandishi kama ulizonazo, na inapolinganisha haijali namba za mistari. Hili lina manufaa kwako kwa sababu GCC 12 ya Debian 12 bado haikuweza kutoa matokeo kwa SARIF, umbizo la pamoja la kuandikia matokeo ya vichanganuzi. Uwezo huo uliingia katika GCC 13. Kuanzia toleo lijalo, hata hivyo, ningehifadhi kila kitu kwa SARIF 2.1.0, iliyopitishwa na shirika la viwango la OASIS kuwa kiwango rasmi mwaka 2020, kwa sababu ina sehemu maalumu ya alama za utambulisho na sehemu nyingine ya kusema kama onyo ni jipya, halikubadilika, limebadilika kidogo au halipo tena.

Uwe mwangalifu pale funksheni moja inapokuwa na mistari miwili inayofanana herufi kwa herufi, tuseme miito miwili ya memcpy yenye hoja zilezile. Heshi zake zitagongana, na zana isiyohesabu marudio italihesabu onyo moja badala ya mawili, hivyo mmoja ukirekebishwa hutaona tofauti yoyote.

fundi_kompaila alijibu:

Nakubaliana na yote yaliyosemwa kuhusu saini, lakini hata saini zilizo bora haziwezi kukuokoa ikiwa umebadilisha msimbo na kichanganuzi kwa wakati mmoja. Kuhama kutoka Debian 12 kwenda Debian 13 ni kuruka kutoka GCC 12 hadi GCC 14, na katikati yake kuna GCC 13 iliyokiongezea -fanalyzer vikaguzi vipya vikiwemo -Wanalyzer-out-of-bounds na -Wanalyzer-deref-before-check. Onyo la aina hizo linaweza kuwa linahusu mstari ulioandikwa miaka kumi iliyopita.

Dawa yake ni kufanya mwendo mmoja wa ziada. Tayari unayo ripoti ya msimbo wa zamani kwa kompaila ya zamani na ripoti ya msimbo mpya kwa kompaila mpya. Chukua sasa msimbo wa zamani uujenge na kuuchanganua ndani ya mazingira ya Debian 13. Ukilinganisha ripoti hii ya tatu na ile ya kwanza, tofauti utakazoona zinatokana na zana na mazingira yake. Ukiilinganisha na ya msimbo mpya, zinatokana na kazi ya wasanidi. Ripoti ya kwanza na ile ya msimbo mpya zisilinganishwe ana kwa ana. Ikiwa GCC 14 itakataa kuujenga msimbo wa zamani, iongezee -fpermissive kwa ajili ya mwendo huu tu, kwani baadhi ya mambo yaliyokuwa maonyo sasa yamefanywa makosa.

Mabadiliko hayo ya GCC 14 yana hatari nyingine ambayo watu wengi huipita. Kuita funksheni isiyotangazwa sasa ni kosa linalosimamisha ukusanyaji, yaani kazi ya kompaila ya kugeuza msimbo kuwa programu. Hati nyingi za zamani za configure hupima uwezo wa mfumo kwa kukusanya vipande vidogo vya msimbo, na baadhi ya vipande hivyo vinaita funksheni bila kuleta faili la vichwa linalohusika. Kipande kikishindwa kukusanywa, configure haipigi kelele. Inaandika tu katika faili la config.h kwamba uwezo huo haupo, na sehemu nzima ya maktaba inaachwa nje ya ujenzi. Maonyo ya sehemu hiyo yatatoweka katika ripoti, na mtu asiyejua atashangilia kwamba yamerekebishwa. Kwa hiyo, kabla hujasoma ripoti yoyote, linganisha config.h za mijengo yote miwili pamoja na orodha ya mafaili yaliyokusanywa kweli. Programu ya bear itakuandikia orodha hiyo katika compile_commands.json.

Vilevile onyo linaweza kutoweka kwa sababu kichanganuzi kimechoka. Vichanganuzi hivi hufuata njia mbalimbali za utekelezaji, na vina kikomo: kile cha Clang, kwa kawaida, husitisha uchunguzi kikifikisha nodi 225,000. GCC nayo huacha funksheni iliyo tata mno, na haitakuambia mpaka uwashe -Wanalyzer-too-complex. Msanidi akiongeza matawi kadhaa ndani ya funksheni ndefu, onyo lililokuwa mwishoni mwake linaweza kupotea ilhali kasoro ipo palepale. Mimi siandiki kwamba onyo limerekebishwa mpaka nione badiliko la msimbo lililoliondoa, na nikikosa kuliona naandika kwamba halionekani.

mtunza_vifurushi aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Nimelinganisha config.h kama ilivyoshauriwa na nimekuta alama mbili za uwezo zilizokuwepo kwenye mjengo wa Debian 12 ambazo hazipo sasa, na moja kati yake ndiyo inayoingiza faili zima la usimbaji. Kwa hiyo sehemu ya maonyo niliyodhani yamekwisha hayakuchunguzwa kabisa. Nimeirekebisha hati ya configure kwa kiraka (faili dogo la mabadiliko ya msimbo) na nitawapelekea wasanidi.

Limebaki suala la maonyo ambayo nilikwisha kuyapima na kuyaona ni ya uongo. Sipendi kuyapima upya kila toleo, lakini pia sipendi kuyanyamazisha kwa namna itakayonifumba macho siku mambo yakibadilika. Je, hukumu hizo zihifadhiwe wapi?

mjenzi_huru alijibu:

Ndugu, tahadhari yako ni ya haki, na Debian yenyewe ina historia inayoonyesha kwa nini. Mwaka 2006 onyo la Valgrind, zana inayokagua kumbukumbu programu ikiwa inaendeshwa, kuhusu kumbukumbu isiyoandaliwa liliifanya Debian iondoe mistari miwili katika faili la OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) linalozalisha namba za bahati nasibu. Valgrind si kichanganuzi tuli, lakini funzo ni lilelile. Mmoja wa mistari hiyo wasanidi wenyewe walikuwa wameuzungushia `#ifndef PURIFY`, kwa sababu walijua kwamba zana za aina hiyo huulalamikia. Mwingine ulifanana nao kwa sura, lakini ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu ndani ya mfumo. Matokeo yake ni kwamba karibu kitu pekee kilichotofautisha funguo zilizozalishwa kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida ya Linux ilikuwa na uwezekano usiozidi 32,768. Kasoro ilianza na kifurushi 0.9.8c-1 cha Septemba 2006 na ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, ikapewa namba CVE-2008-0166 katika orodha ya kasoro za usalama. Maonyo yalipungua kweli, na usalama ukaondoka pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo usiguse msimbo kwa lengo la kuondoa onyo. CodeChecker inakuruhusu kuweka hukumu kama maoni juu ya mstari, kwa mfano `codechecker_false_positive` ikifuatwa na jina la kikaguzi na sababu, lakini njia hiyo inamfaa zaidi mwenye msimbo. Wewe ni mtunza kifurushi, na kila maoni utakayoongeza yatakuwa kiraka cha kubeba na kupatanisha kwa kila toleo. Ni afadhali uweke faili moja ndani ya saraka ya debian/, kila ingizo likiwa na heshi ya onyo, toleo ulilolipima na sababu kwa sentensi kamili. Mstari wenye onyo ukibadilika, heshi itabadilika na onyo litarudi mbele yako, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

msomaji_wa_viraka alijibu:

Naongezea jambo moja katika pendekezo la mjenzi_huru, maana lina pengo. Mara nyingi sababu ya kuliita onyo kuwa la uongo haiko kwenye mstari wenye onyo. Tuseme uliandika kwamba `urefu` hauwezi kuzidi ukubwa wa `buf` kwa kuwa soma_kichwa() huukagua kabla ya kuita funksheni hii. Katika toleo linalofuata wasanidi wakiondoa ukaguzi ule ndani ya soma_kichwa(), mstari wenye onyo haukuguswa, heshi ni ileile, na faili lako litaendelea kulinyamazisha onyo ambalo sasa linasema kweli.

Kwa hiyo katika kila ingizo taja pia funksheni ambayo hukumu yako inaitegemea, na toleo jipya likifika tazama kama imebadilishwa. Ukiwa unayaingiza matoleo kwenye git kwa `gbp import-orig`, amri ya `git log -L :soma_kichwa:src/soma.c` itakuonyesha kila badiliko lililoigusa. Ikiwa imeguswa, lifute ingizo hilo na ulipime onyo upya.

mtunza_vifurushi aliandika:

Nimeelewa, na nitaongeza sehemu hiyo kwenye faili. Lile onyo la mstari wa 139 silinyamazishi: hakuna popote panapokagua jibu la malloc, kwa hiyo nimewaandikia wasanidi nikiambatisha kiraka.