Desemba na gari dogo, Dar kwenda Moshi na familia nzima: tupeane uzoefu

MzeeWaKimara
Wakuu, Desemba ndiyo hiyo. Wachaga, Wapare, Wasambaa na wakwe zao wote wameanza kufunga mizigo. Gari ambayo mwaka mzima kazi yake ni Kimara–Posta kwenye foleni inapakiwa watu sita na kiroba cha mchele wa bibi, halafu inaambiwa ikimbie kilomita 550 hadi Moshi kwa siku moja. Tuweke hapa kinachoharibika, kinaharibikia wapi na kwa nini. Wale wa "tumemkabidhi Mungu" wakaribie pia, ila wapime upepo kwanza.

Naanza na tairi. Ubavuni pana namba nne za mwisho baada ya neno DOT. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa bado zimesimama vizuri lakini mpira umeshakauka, utaona nyufa ndogondogo karibu na rimu. Na gari nyingi za Japani zinashuka bandarini na tairi za theluji, zimeandikwa STUDLESS, zina mikato midogo mingi juu ya kashata. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi. Kwenye lami ya Hedaru saa saba mchana, na mzigo, zinachemka na kuliwa haraka.

Upepo usimuulize kijana wa pancha. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko kwenye nguzo. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Tairi yenye upepo mdogo ndiyo inayopasuka, kwa sababu ubavu unajikunja kila mzunguko na joto linapanda. Watu wakiona joto wanatoa upepo, wanajimaliza.

Binti_Kahe
Nakazia hapo kwa tairi za theluji. Wengi hata hawajui wanazo.

Kibajaji
Mimi naona njia rahisi ni kupanda treni ya SGR, mnateseka bure.

MzeeWaKimara
SGR inaenda Morogoro na Dodoma mkuu. Ukishuka Dodoma, Moshi unaenda na nini, ungo?

FundiWaTemeke
Uzi huu umenikumbusha gari zinazoletwa gereji kila Januari, zote ugonjwa mmoja: zilichemka njiani, dereva akaongeza maji ya bomba, akaendelea. Ikifika gereji gasketi ya silinda hedi imekwenda, hedi imepinda.

Kabla ya safari kagua hivi. Mfuniko wa rejeta kwanza. Mpira wa ndani ukiwa umekauka hauwezi kushika presha, na bila presha maji yanachemka kwenye nyuzi 100 badala ya kuvuka 120. Kifaa cha bei ndogo, kinaua injini. Pili, hozi za juu na chini, ziminye: ikiwa laini kupita kiasi au imevimba kwenye kleipu, badilisha. Tatu, rejeta yenyewe. Watu wanaosha mbele tu. Kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, imekaa mbele yake) na rejeta pana nafasi ndogo, humo ndimo wadudu, majani na vumbi vinajaa hadi upepo haupiti. Mjini huoni tatizo. Mkomazi hadi Same kuna joto, AC imewashwa, gari imejaa, ndipo sindano ya joto inapanda. Nne, weka kulanti, maji maalumu ya rejeta, siyo maji ya bomba. Maji ya bomba yanajenga kutu na kula pampu.

Sindano ikianza kupanda: zima AC, fungua vioo, washa hita joto la mwisho na feni ya ndani kasi ya mwisho. Watoto watalia, walie. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Ikiendelea kupanda, paki. Mfuniko usiuguse kwa nusu saa, na hata hapo tumia kitambaa kinene, zungusha kidogo kwanza uache presha itoke.

Dogo_Machame
Mkuu umesahau kubwa kuliko zote. Toa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Gari za Japani hizi ziliwekewa kwa ajili ya baridi yao, huku kwetu haina kazi. Ukiitoa gari haichemki tena.

FundiWaTemeke
Mafundi wa namna yako ndio wanaotupa kazi. Kwenye injini kama ya Toyota IST thamostati inafunguka karibu nyuzi 82, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Ukiitoa, kompyuta inadhani injini bado ya baridi, inamwaga mafuta mengi, ulaji unapanda, na oili inachafuka mapema. Gari inayopona kwa kutolewa thamostati ina thamostati iliyoganda au rejeta iliyoziba. Badilisha kilichoharibika.

Dogo_Machame
Gari za mzee wangu zote hazina, zinapanda Kibosho kila wiki.

FundiWaTemeke
Na kituo cha mafuta kinamfahamu kwa jina.

Mama_Pacha
Tuachane na thamostati, tuongelee watoto. Kutapika kunaanza mapema kuliko watu wanavyofikiri, kwa kawaida mtoto akiangalia simu. Simu ikae kwenye begi hadi msimamo wa kwanza. Mtoto akae mahali anapoona mbele, siyo kiti cha nyuma kabisa. Asubuhi apewe chakula kikavu, mkate au kiazi, asipewe maziwa wala chai ya maziwa. Mifuko iwe mkononi, isiwe kwenye buti chini ya mabegi manne.

Kibajaji
Mpe tangawizi atafune.

Binti_Kahe
Mpeni limao anuse tu, tangawizi inamuunguza mtoto.

Mama_Pacha
Mtoto wa miaka mitatu atafune tangawizi, hivi una watoto kweli wewe?

Shemeji_wa_Marangu
Mimi nataka maoni ya wazi. Nani akae mbele? Ukimchukua mama mkwe Dar kumrudisha Marangu, huwezi kumwambia mama akae nyuma na watoto. Mama watoto naye ananuna kuanzia Kibaha. Halafu mama mkwe mkanda anaulaza chini ya kwapa kwa sababu unambana shingo.

Mama_Pacha
Mama mkwe mbele, hakuna mjadala. Mkanda: pale juu kwenye nguzo gari nyingi zina kishikio cha kupandisha na kushusha, bonyeza ushushe, shingo itakuwa salama. Mkanda chini ya kwapa unavunja mbavu. Na mtoto mchanga wa kupakatwa mbele nasema hapana, hata bibi akilia. Erbegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, inafumuka kwa nguvu kubwa sana na mtoto ndiye amekaa kati yake na mtu mzima. Kile kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, nacho kisiwekwe mbele penye erbegi.

Mteule_wa_Tegeta
Njia. Msipite Kibaha. Tegeta, Bunju, Bagamoyo, Kiwangwa, mnatokea Msata. Mnakwepa malori yote ya Chalinze, na Kiwangwa mnanunua mananasi.

MzeeWaKimara
Kwa mtu wa Tegeta ni sawa. Mtu wa Mbagala avuke jiji zima kwenda Bunju ili akwepe foleni? Barabara ya Kimara–Kibaha imeshapanuliwa, ukitoka saa kumi alfajiri umefika Chalinze kabla jua halijakaa vizuri.

Mteule_wa_Tegeta
Saa kumi alfajiri na malori yasiyo na taa za nyuma. Kila la heri.

MzeeWaKimara
Na malori yanayopita Bagamoyo yana taa za harusi?

Msambaa_Halisi
Hapo Mombo mnapopita mkinywa chai, kuna watu wanakunja kulia kupanda Lushoto. Nawawekea hii kwa sababu kila Desemba inajirudia.

Gari ya watu saba, imejaa, inashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kilomita kama 33 za kona na mteremko, mvua imetoka kunyesha. Dereva ni wa Dar, mzuri tu mjini. Ameacha gia kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, na kwa kuwa barabara ni nyembamba na upande mmoja ni korongo, mguu hautoki kwenye breki. Anaubonyeza kidogokidogo muda wote. Kabla ya Soni, mji mdogo ulio katikati ya njia, inaanza kunuka kama mpira unaungua. Ndani ya gari wanadhani ni lori la mbele. Shangazi anasema fungeni vioo.

Baada ya Soni pedali inakuwa ndefu. Inashika, lakini inashika chini. Kona mbili mbele anakanyaga, mguu unazama hadi kwenye zulia na gari haipungui. Anapampu, hakuna kitu. Nyuma watu wameanza kusali kwa sauti. Kilichowaokoa ni kijana wa mle ndani, utingo wa zamani, aliyempigia kelele, "Toa D, weka 2!" Injini ikanguruma, mwendo ukapungua. Kisha L, gia ya chini kabisa. Kisha handibreki, kitufe kimebonyezwa, inavutwa polepole na kuachiwa, siyo kukwidwa ghafla maana inashika magurudumu ya nyuma tu na kwenye maji gari ingezunguka. Mwisho akailaza kwenye mfereji upande wa mlima. Ubavu wote umechunika, kioo cha pembeni kimekwenda, watu wote salama. Wanakijiji wakaja na ndoo kumwagia magurudumu, na hilo ni kosa, diski iliyo moto ikipata maji ya baridi inapinda au inapasuka. Iache ipoe yenyewe.

Binti_Kahe
Jamani mikono inatetemeka hapa.

Kibajaji
Hii chai. Breki haziwezi kuisha hivihivi, atakuwa alikuwa na pedi zimekwisha. Na sisi mlimani tunashuka na nyutro, gari inateleza yenyewe, mafuta yanabaki.

FundiWaTemeke
Siyo chai. Pedi zinaweza kuwa mpya kabisa. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inachemka kwenye 140. Breki zikikandamizwa kilomita kumi mfululizo joto linapita hapo, mafuta yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanwa. Unakanyaga mvuke. Ndiyo maana baada ya saa moja ya kupoa pedali inarudi, dereva anadhani ni uchawi.

Na Kibajaji, nyutro ndiyo inayokuua. Kwenye gia, ukiacha pedali ya mafuta, injini ya kisasa inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro inabidi ichome mafuta ili isizime. Huokoi chochote, na breki zako zinabeba mzigo wote peke yake.

Kibajaji
Tutaona.

Mama_Pacha
Usione ukiwa na watoto wa watu ndani.

Dogo_Machame
Msambaa, mbona hakuzima injini tu?

Msambaa_Halisi
Angezima ingekuwa mazishi. Usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga. Kushuka, kanuni ya madereva wa Soni ni hii: gia unayotumia kupandia ndiyo ya kushukia, na unaiingiza kabla ya mteremko, siyo katikati. Gari ya auto zima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi), shuka 2, kwenye kona kali L. Ya CVT, auto isiyo na hatua za gia, tafuta B au S kwenye gia. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo unapungua, unaachia kabisa zipoe. Kukanyaga na kuachia. Hata Rombo na Marangu ni hivyohivyo.

Shemeji_wa_Marangu
Narudi kwenye swali langu, mafuta anachangia nani? Ukibeba ndugu wanne kila mmoja anasema "tutaonana huko". Hawaonekani.

MzeeWaKimara
IST ikiwa imejaa na AC, hesabu kilomita 13 au 14 kwa lita, yaani lita 40 hivi kwenda. Bei ya EWURA inatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, piga hesabu, tuma kwenye grupu la familia kabla ya safari. Anayenyamaza apande basi. Na mzigo mzito ukae chini, karibu na migongo ya viti. Ukiuweka juu ya keria gari inayumba ukipishana na basi.

Binti_Kahe
Hapo kwa kumwambia ndugu apande basi umeongea kama huna kwenu.

Mteule_wa_Tegeta
Tochi za trafiki za kupima mwendo msisahau. Kibao cha 50 kinaanza kwenye kibao, siyo kwenye nyumba ya kwanza. Wengi wanakamatwa wakitoka kijijini, wameona nyumba zimeisha wakakanyaga kabla ya kibao cha kumaliza. 30,000 kila kosa. Na lori likikuwashia indiketa ya kushoto kwamba pita, angalia kwa macho yako, wengine wanataka kupaki.

Dogo_Machame
Swali kwa fundi, usininunie. Mafuta ya breki nabadilishaje mwenyewe kabla ya tarehe 20?

FundiWaTemeke
Lita moja inatosha, soma kwenye mfuniko wa chombo cha mafuta ya breki ni DOT gani. Nyonya ya zamani kwenye chombo kwa bomba la sindano, jaza mpya. Anza na gurudumu la mbali zaidi na chombo, kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto. Mtu akanyage na kushikilia, wewe fungua kinipo, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta pale kwenye gurudumu, robo mzunguko, funga kabla hajaachia. Rudia hadi itoke safi bila povu, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chombo kisikauke hata mara moja, kikivuta hewa unaanza upya. Yaliyotoka usiyarudishe, na yakidondokea rangi ya gari mwagia maji hapohapo.

Dogo_Machame
Poa. Thamostati nitaacha kwanza.

FundiWaTemeke
Haya.