dcsnoop, ftrace au strace: ipi inafaa kufuatilia kashe ya majina ya faili?

kombo_seva: Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya Linux, keneli mpya, ila kontena lililomo ndani ni la zamani na linaita curl kutwa kucha. slabtop inaonyesha dentry (rekodi za majina ya faili ambazo keneli huziweka kwenye kashe) zinapanda tu, na /proc/sys/fs/dentry-state inasema nyingi ni hasi, yaani za majina yasiyokuwepo. Nataka kumjua anayeyauliza. Mnatumia nini?

mwanajuma_k: strace achana nayo kwenye seva yenye kazi. Inausimamisha mchakato kwa kila wito wa mfumo, kisha inakupa ENOENT (hakuna faili hilo) basi. Haikwambii kama jibu limetoka kwenye kashe au keneli imeenda hadi kwenye mfumo wa faili. Chukua bcc, mkusanyiko wa zana za kufuatilia keneli. dcstat kwanza, uangalie MISS/s (yaliyokosekana kwenye kashe kwa sekunde) na HIT% (asilimia ya yaliyopatikana), halafu dcsnoop ikutajie PID na jina.

kombo_seva: Asante dada. dcsnoop nimeiwasha, vitu vingine vinapita, ila curl haimo kabisa!

fundi_ubungo: Haitakuwemo. dcsnoop inahesabu majina yaliyokosekana kwenye kashe kwa kuangalia fanksheni ya keneli d_lookup, na tangu keneli 4.7 faili likiulizwa kwa wito wa access au stat halipiti tena huko. Likikosekana kwenye kashe linaingia d_alloc_parallel. Ukiweka -a utaona maulizo yote, lakini lililokosekana hutalitambua kati ya yaliyopatikana. Kwa hiyo kabla ya kubishana zana ipi, chagua fanksheni. Mimi natumia ftrace, kifuatiliaji kilichomo ndani ya keneli yenyewe, maana haihitaji kusakinisha chochote. Kwa x86_64, ukiwa ndani ya /sys/kernel/tracing:

`echo 'p:kosa d_alloc_parallel jina=+0(+8(%si)):string' > kprobe_events`
`echo 1 > events/kprobes/kosa/enable`
`cat trace_pipe`

Hiyo +8 ni kwa sababu ndani ya qstr (muundo ambao keneli hubebea jina) baiti 8 za mwanzo ni hashi na urefu, ndipo inafuata pointa ya jina.

mwanajuma_k: Hapo umenena. Mwenye bpftrace, zana nyingine ya kufuatilia keneli, aiwekee kprobe (mtego wa keneli) fanksheni hiyohiyo, hana haja ya kuhesabu baiti.

mzee_wa_bsd: Ndiyo maana mimi sihami FreeBSD 😀 DTrace, kifuatiliaji chake, ina alama ya vfs:namecache:lookup:miss, na hit-negative (jibu hasi kutoka kashe) iko peke yake. Waliziweka wenyewe kwenye kodi, fanksheni za ndani zibadilishwe wapendavyo.

kombo_seva: Fundi, imetoka mistari kama mvua! Yote curl, majina yote yana `_dOeSnotExist_.db`, namba tu ndiyo inabadilika.

fundi_ubungo: Hiyo ni NSS, maktaba ya usimbaji ambayo curl za CentOS 7 zinaitumia. Inapima kasi ya diski kwa kuuliza mafaili ya uongo, na kila jina likiwa jipya linaacha dentry hasi yake. Weka NSS_SDB_USE_CACHE=yes kwenye mazingira ya kontena, itaacha kupima. Zilizokwisha kujaa zifute kwa `echo 2 > /proc/sys/vm/drop_caches`, ila usifanye saa ya wateja wengi.