MJADALA: Mama aliyekoma hedhi na UTI isiyoisha: apewe krimu ya homoni au tuendelee na antibayotiki?

Mleta mada (Moshi)

Wadau, salaam. Nafanya kazi maabara hapa Moshi. Akina mama wa miaka hamsini na kitu wanarudi kila mara na UTI ileile. Mama anapewa kikopo, mkojo unapimwa harakaharaka bila kuoteshwa, yaani bila kukuza wadudu maabara ili kuwatambua, anaandikiwa dozi. Baada ya wiki kadhaa yuko tena kwenye benchi. Wengine hawapimi kabisa, wanapita duka la dawa pale Mbuyuni na kununua nusu dozi. Ni nadra mtu kuwauliza: mama, hedhi ilikoma lini?

Estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari (vifuko vya mayai), ndiyo inayolisha ukuta wa uke. Ikiwepo, bakteria wema aina ya laktobasili wanastawi na kutengeneza asidi inayowazuia wadudu wa haja kubwa kupanda njia ya mkojo. Hedhi ikikoma, ukuta unakonda na asidi inapungua. Hata chembe nyeupe za damu zina vipokezi vya estrojeni: makrofaji, nyutrofili, seli T na seli B. Homoni ikishuka, kemikali za uvimbe kama IL-6 na TNF huelekea kupanda, lakini hilo halimaanishi kwamba kinga imepata nguvu.

Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti uliofanyika Israeli. Wanawake waliokoma hedhi wenye UTI ya kujirudia walipaka krimu ya estrojeni ukeni, wakaugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka. Wenzao waliopaka krimu isiyo na dawa waliugua mara 5.9. Msimamo wangu: krimu hii ipatikane hospitali za mikoa, na kwa kuwa sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023, bima iilipie. Karibuni kwa hoja.

Baba Sakina (Arusha)

Dada, naheshimu taaluma yako ila napinga. Uzee si ugonjwa. Bibi zetu walikoma hedhi na bado walikata majani ya ng'ombe na kubeba ndizi hadi sokoni. Homoni zinaleta kansa, ndiyo maana utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa 2002. Halafu wajawazito bado wanahangaika kupata damu, leo tuanze kulipia krimu?

Mleta mada

Kaka, ule wa 2002 ulikuwa wa vidonge vya kumeza, estrojeni pamoja na homoni nyingine iitwayo projestini, kwa wanawake zaidi ya 16,000 wa miaka 50 hadi 79. Saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake kama 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka, na kiharusi vilevile. Hatari hiyo siipuuzi. Krimu inapakwa palepale penye shida, na kwa dozi ndogo kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Na bibi zetu, nani aliwahi kuwauliza kama wanakojoa kwa maumivu?

Muuguzi (Ngarenaro, Arusha)

Nawaunga mkono nusu nusu. Homoni isibebeshwe kila lawama. Tezi ya thaimasi, inakokomaa seli T, huanza kusinyaa mapema sana, kwa wanaume na wanawake. Ndiyo maana mkanda wa jeshi unawapata wazee wa jinsia zote. Lakini angalieni mwanamke aliyetolewa ovari zote mbili akiwa na miaka thelathini na kitu. Hajazeeka, ila mifupa inaanza kupungua haraka, na seli zinazoila hiyo mifupa ni ndugu wa makrofaji, zile chembe nyeupe alizozitaja mleta mada. Hapo umri hauna kesi.

Ninachosisitiza, kabla ya krimu pima sukari. Kisukari nacho huleta UTI za kujirudia. Na aliyewahi kuugua saratani ya matiti asijiamulie mwenyewe, aongee na daktari wake.

Mama wa Kiborloni

Mimi ndiye mnayemjadili. Nauza mitumba, siku nzima nakwepa kunywa maji kwa sababu ya choo cha sokoni. Nimemeza dozi mpaka sindano. Kilichoniumiza zaidi ni mume wangu kuanza kunitazama kwa jicho jingine, kwa kuwa mtaani UTI inahesabiwa ugonjwa wa zinaa. Habari ya hedhi naisikia leo. Hiyo krimu inapatikana wapi?

Mleta mada

Shikamoo mama. Pole sana, na mzee aambiwe kwamba UTI ya namna hii haihitaji mtu kutoka nje ya ndoa. Omba mkojo uoteshwe, sukari ipimwe, kisha umwone daktari wa wanawake na umtajie mwaka hedhi ilipokoma. Yeye ndiye atakayekuandikia na kukuelekeza pa kuipata. Kama umewahi kutokwa na damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, mwambie hilo kwanza, maana ni lazima saratani ichunguzwe kabla ya homoni yoyote. Maji unywe, mama.

Baba Sakina, hizo dozi zote mama amezilipia mfukoni kwake, na kila nusu dozi inawafundisha wadudu kuizoea dawa. Wadudu hao hao ndio wanaompata mjamzito unayemtetea. Ukizijumlisha gharama hizo, bado unaona krimu ndiyo anasa?