Joe Lapchick alitokaje kwenye upivo hadi kwenye ukocha?

Pivo wa Himbi (Goma)

Wandugu, salamu kwenu nyote. Nimecheza mpira wa kikapu hapa Goma kwa miaka 9, nafasi ya pivo, yaani yule mchezaji wa karibu na kikapu, hadi goti la kushoto liliponisaliti mwaka jana. Tangu hapo wakubwa wa timu yetu ya mtaa wamenikabidhi vijana 22 niwafundishe kila Jumamosi, kwenye uwanja wa sementi uliozungukwa na mawe meusi ya volkano. Cheti cha ukocha sina. Ninachokijua ni kusimama chini ya kikapu, kuruka na kutumia mgongo, na nimegundua kwa aibu kwamba siwezi kueleza hata kimoja kati ya hivyo. Juzi mtoto mmoja aliniuliza ninajuaje mlinzi yuko upande gani ilhali nimempa mgongo. Nilimwonyesha mara tatu, kisha nikakosa neno la kumwambia.

Katika kusoma nimekutana na habari za Joe Lapchick, pivo wa Marekani wa miaka ya 1920 ambaye hakusoma sekondari, lakini akaja kuwa kocha wa chuo kikuu na wa timu ya kulipwa ya New York Knicks. Naomba mnaomfahamu mnieleze: alibeba nini kutoka katika uchezaji wake hadi katika ukocha? Au ni majaliwa tu?

Mzee wa Katindo (Goma)

Mdogo wangu, pole kwa goti. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu katika maisha ya Lapchick kuna jambo moja ambalo wengi hulipita haraka.

Alizaliwa mwaka 1900 huko Yonkers, kaskazini ya jiji la New York, mtoto wa wahamiaji wa Kicheki, akakua hadi kufikia kimo cha mita 1.96, ambacho kwa wakati ule kilikuwa cha ajabu. Mpira wa kikapu wa kulipwa haukuwa na sura tunayoiona leo kwenye televisheni. Viwanja vingi vilikuwa kumbi za dansi zilizozungushiwa wavu wa waya au wa kamba, na mchezaji alilipwa kwa kila mchezo, akichezea timu kadhaa kwa msimu mmoja, leo huku, kesho kule, kwa yeyote aliyetoa zaidi. Lapchick aliishi hivyo hadi mwaka 1923, alipojiunga na Original Celtics wa New York, ambao hawana uhusiano na Celtics wa Boston.

Sasa sikiliza. Kwa sheria za wakati huo, kila baada ya kikapu mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya, wachezaji wawili wakiruka kuuwania, yaani ile antrede yetu ya kuanzia mchezo, lakini ikirudiwa usiku kucha. Timu yenye pivo wa kushinda mruko ule ingeweza kufunga, kuuchukua mpira tena, na kufunga tena. Hiyo ndiyo kazi Lapchick aliyolipwa kuifanya. Mwaka 1936 akaajiriwa kuwa kocha wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha St. John's, New York, na kuanzia msimu wa 1937 sheria ile ikafutwa. Fikiria hilo vizuri: msimu wake wa pili tu wa ukocha, ule ufundi uliomlisha kwa miaka zaidi ya 15 ulikuwa umeondolewa katika mchezo. Hata hivyo, mwaka 1943 na 1944 vijana wake walitwaa mfululizo ubingwa wa NIT, mashindano yaliyokuwa na heshima kubwa kwa vyuo siku hizo, na hakuna chuo kilichokuwa kimefanya hivyo kabla yao. Kwa hiyo alichokibeba hakikuwa kuruka.

Mama wa Nyawera (Bukavu)

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu mruko, ila umeishia mlangoni, na kaka yetu alitaka kuingia ndani.

Alichokibeba Lapchick ni mazungumzo ya Celtics. Mwenye timu ile aliwafunga wachezaji wake kwa mikataba ya msimu mzima, jambo ambalo lilikuwa geni, hivyo watu walewale wachache walisafiri pamoja kwa treni, wakacheza karibu kila usiku, wakala meza moja na kubishana juu ya mchezo wa jana. Timu nyingine zilikutana uwanjani tu. Hawa walizoeana kama watu wa nyumba moja. Inasimuliwa kwamba walipokuwa ziarani kusini mwa Marekani walikutana na timu iliyomwacha mlinzi mmoja asimame daima karibu na kikapu. Dutch Dehnert, mmoja wa Celtics, akajitolea kusimama mbele ya mlinzi huyo akiwa amempa mgongo, apokee mpira na kuwarudishia wenzake wanaokatiza. Mlinzi alipotoka upande mmoja kuukimbilia mpira, Dehnert aligeukia upande wa pili na kufunga mwenyewe. Huo ndio mchezo wa pivo unaoucheza wewe, kaka, na asili yake ni watu waliokuwa na mazoea ya kuambiana.

Celtics walikuwa mabingwa wa ligi mwaka 1927 na 1928, wakavunjwa kwa kuwa waliwashinda wenzao mno. Lapchick, Dehnert na Pete Barry wakahamia timu ya Cleveland, na Cleveland ikachukua ubingwa mwaka 1929 na 1930. Mimi siamini kwamba hiyo ilikuwa bahati.

Refa wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu zangu, msimfanye mtakatifu. Pale Knicks, kuanzia 1947 hadi 1956, Lapchick hakushinda ubingwa hata mmoja. Alifika fainali ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mara tatu mfululizo, 1951, 1952 na 1953, akapoteza zote. Ya kwanza ndiyo iliyouma zaidi: walifungwa na timu ya Rochester michezo mitatu ya mwanzo, wakasawazisha kwa kushinda mitatu, kisha wakaanguka katika wa saba kwa 79 kwa 75. Tena michezo ya nyumbani hawakuichezea Madison Square Garden, ukumbi wao, kwa sababu ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa sarakasi! Mbili zilizofuata zilichukuliwa na Minneapolis Lakers wa George Mikan. Lapchick aliondoka Knicks katikati ya msimu, afya yake ikiwa imechoka, akarudi St. John's.

Lakini kuna mambo mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko vikombe. La kwanza: akiwa Celtics alicheza mara nyingi dhidi ya New York Rens, timu ya Weusi wa Harlem, na mwaka 1950 Knicks yake ilimsajili Nat Clifton, aliyewahi kuichezea Rens, akawa mmoja wa Weusi wa kwanza katika NBA. Mwanawe Richard, aliyekuwa na miaka 5, amesimulia kwamba alichungulia dirishani akaona sanamu ya baba yake imetundikwa kwenye mti nje ya nyumba yao, kwa chuki ya waliopinga usajili huo. Lapchick alikuwa ameujua uwezo wa watu wale kwa kusukumana nao, hakuhitaji kuhadithiwa.

La pili: mwaka 1951 ilipofichuka kwamba wachezaji wa vyuo walihongwa na wacheza kamari ili wapunguze mabao, alikata habari zile magazetini, akazibandika katika daftari, na baadaye wachezaji wake wa St. John's wakapaswa kulisoma na kutia sahihi. Kocha asiye na shahada akawasomesha hivyo wanafunzi wa chuo kikuu. Alistaafu mwaka 1965 kwa sababu chuo hakikuruhusu kupita miaka 65, na mchezo wake wa mwisho ulikuwa fainali ya NIT: waliishinda Villanova 55 kwa 51, ubingwa wake wa nne wa mashindano yale.

Pivo wa Himbi (Goma)

Mzee wangu, Mama, na wewe Refa, asanteni sana. Maneno ya Mama kuhusu watu wa meza moja yalinisumbua wiki nzima, maana mimi katika mazoezi nilikuwa nikisema peke yangu na watoto wakinitazama.

Jumamosi hii nilimwita yule mtoto, nikamweka mbele ya kikapu. Mpira wetu umechubuka hadi umekuwa laini kama boga, kwa hiyo nilimwambia aushike kwa mikono yote miwili na afumbe macho. Nikasimama nyuma yake, nikaweka mkono mgongoni mwake kama afanyavyo mlinzi, nikahamisha uzito wangu kidogo. Kabla sijamaliza kumuuliza, alisema, «Uko kushoto.» Wenzake wakataka kujaribu mmoja mmoja, na kila aliyetoka alimwambia aliyefuata alichokihisi: mmoja alisema kiunoni, mwingine begani, na mdogo kuliko wote akasema yeye alisikia viatu vyangu kwenye sementi. Hilo la viatu mimi sikuwahi kulijua.