Tupeane uzoefu: ngozi, nywele au kucha zako ziliwahi kukuonyesha jambo lililokwisha kupita?

Mwanzisha mada, Tabata

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu ngozi, nywele na kucha, na kila atakayechangia ataje muda: jambo lilitokea lini mwilini, na dalili ilionekana lini. Ombi hili linatokana na yaliyonipata mwaka 2019, dengue ilipoenea Dar es Salaam. Nililala siku nane kwa homa, nikapona, nikarudi kazini na kuusahau ugonjwa. Baadaye niliona mfereji mdogo umekatiza ukucha wa dole gumba kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nilipoangalia vizuri nikaukuta kwenye kucha zote za mikono. Nilichukua rula ya shule ya mwanangu nikapima, na kutoka penye nyama hadi kwenye mfereji palikuwa na milimita 6. Daktari wa ngozi, kabla sijamweleza lolote, aliniuliza kama niliugua homa kali miezi miwili na zaidi iliyopita.

Alinieleza kwamba ukucha hutengenezwa na shina lililofichwa chini ya ngozi, na kile kimwezi cheupe tunachokiona ndiyo sehemu yake ndogo inayochungulia nje. Seli huzaliwa hapo, hujaa keratini (protini ngumu inayounda kucha, nywele na ngozi ya juu), hufa, hukauka na kusukumwa mbele. Mwili ukielemewa na homa, shina hupunguza kazi au kusimama kwa siku chache, na upungufu huo hubaki kama mfereji unaosafiri pamoja na ukucha. Kwa kuwa kucha za mikono huota wastani wa milimita 3 kwa mwezi, na za miguu kama milimita 1 tu, mtu anaweza kupiga hesabu ya kurudi nyuma. Mfereji wangu ulifika nchani nikaukata, karibu miezi sita tangu niugue. Je, nyinyi mmewahi kuona nini?

Mchangiaji wa Mbagala

Asante kwa mada hii. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa uzazi wa kwanza nilidhani ninakuwa na upara. Mtoto alipofika miezi mitatu, nywele zilianza kunyonyoka kwa mafungu kila nilipochana. Nilizitandaza juu ya kanga nikazitazama moja moja, nikaona karibu kila unywele una kidonge kidogo cheupe kwenye ncha ya chini, nikaamini kwamba mizizi yenyewe imeng'oka. Mama mkwe alinituliza kwamba mtoto akianza kucheka, nywele za mama hudondoka, na ingawa kicheko hakihusiki, muda alioutaja ulikuwa sahihi kabisa.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenifafanulia. Unywele wa kichwani huota kwa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika takriban miezi 3, halafu huanguka, na kifuko chake kilichomo ndani ya ngozi hubaki salama na kuanza unywele mwingine. Kidonge cheupe ni alama ya unywele uliomaliza mapumziko yake. Kwa kawaida tunapoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kujua. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nyingi zisiingie mapumzikoni, ndiyo maana kichwa hujaa na kupendeza, lakini baada ya kujifungua zinapumzika kwa pamoja na kuanguka kwa pamoja. Nilitumia fedha nyingi Kariakoo kununua mafuta ya kila aina, wakati nywele zilikuwa njiani kurudi zenyewe, na zilirudi mtoto alipokaribia mwaka. Ambazo hazikurudi ni za pembeni mwa paji la uso, na hizo hazikuondolewa na uzazi bali na twende kilioni nilizokuwa nasukwa kwa kubanwa tangu shule ya msingi. Kifuko kikivutwa miaka mingi hatimaye hugeuka kovu, na kovu halioti unywele.

Mchangiaji wa Ilala

Kazi yangu ni kupamba maharusi kwa hina, na ninaweza kuongeza kitu juu ya muda. Hina niliyompaka bibi harusi usiku mmoja huondoka mahali tofauti kwa nyakati tofauti. Kwenye viganja na nyayo hukolea sana kwa sababu tabaka la seli zilizokufa ni nene hapo, wakati juu ya mkono hukolea kidogo. Rangi yake hushikana na keratini, kwa hiyo huondoka pale seli hizo zinapopukutika, na baada ya wiki mbili au tatu ngozi huwa imekwisha kuwa safi. Kwenye kucha haitoki, bali husogea mbele taratibu, na wateja wangu wengine huja kwenye arobaini ya mtoto wakiwa bado wana nusu ya ukucha yenye hina ya harusi ya ndugu yao.

Kuhusu piko nina jambo zito zaidi, na ninalieleza kwa majuto. Zamani nilikuwa nikichanganya rangi nyeusi ya kupakia nywele ili maua yawe meusi haraka. Mteja mmoja alikuwa amepakwa mara ya kwanza bila tatizo lolote. Mara ya pili, siku mbili baada ya kumpaka, alinirudia na malengelenge yaliyofuata mchoro wangu jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, kiasi kwamba ua zima lilisomeka kwa uvimbe. Rangi hizo huwa na kemikali iitwayo PPD. Mara ya kwanza kinga ya mwili huitambua na kuiweka kumbukumbuni, na mara inayofuata hushambulia. Alibaki na alama kwa miezi mingi, na aliambiwa asipake tena rangi nyeusi ya nywele maishani. Tangu siku hiyo ninatumia hina ya majani pekee.

Mchangiaji wa Kinondoni

Niongeze tahadhari kwa mwanzisha mada: mfereji kwenye ukucha mmoja tu mara nyingi ni jeraha la mlango au la kusukumwa ngozi ya ukucha saluni. Ni pale unapoonekana kwenye vidole vingi kwa wakati mmoja ndipo tunafikiria homa.

Mchangiaji wa Manzese

Nilitumia mkorogo kwa miaka mitatu. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zipo kwa binadamu wote kwa idadi inayokaribiana, na tofauti yetu iko kwenye kiasi na aina ya melanini. Melanini hiyo hukaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli dhidi ya jua, nami nilikuwa nikiuvunja mwavuli wangu kila usiku. Uso ulikuwa mweupe na viungo vya vidole vikabaki vyeusi. Mkorogo ulikuwa pia na steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi, nami sikujua. Nilipoacha ghafla, uso uliwaka moto na kujaa vipele kwa wiki nyingi. Ngozi ya juu hujijenga upya kwa takriban wiki nne, na rangi yangu imerudi kwa kiasi kikubwa, lakini michirizi ya kwapani na mapajani imo kwenye ngozi ya ndani, nayo haijaondoka hadi leo.

Mchangiaji wa Temeke

Mwezi wa tatu nilikanyagwa mpirani, na ukucha wa kidole kikubwa cha mguu ukawa na doa jeusi. Niliingiwa na hofu kwa sababu Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, alianza na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ambayo mwanzoni ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Daktari aliniambia kwamba damu iliyoganda husogea mbele pamoja na ukucha, lakini mstari wa rangi unaotokana na shina lenyewe hubaki umeungana na shina, na ukipanuka au kuingia kwenye nyama ya pembeni lazima uchunguzwe upesi. Aliniagiza nipige picha kila tarehe mosi, rula ikiwa kando. Nimekwisha kupiga picha nne. Doa limesogea milimita 4, na nyuma yake ukucha unaotoka ni mweupe.