Mjadala: Je, daladala zihamishiwe pembezoni zilishe vituo vya mwendokasi?

Mleta mada
Tangu Mei 2016, mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, yalipoanza jijini Dar es Salaam kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, tumejadili sana njia kuu na kumsahau abiria anayeshuka Kimara usiku akiwa bado hajafika kwake Msakuzi, Makabe au Goba. Orodha ya nauli ya mwaka ule ilikuwa na shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia mlisho inayoleta abiria kwenye njia kuu, na 800 kwa anayeunganisha zote mbili. Nashauri LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, izipe daladala leseni za ruti fupi zinazoishia vituoni, kwa tiketi moja ya namna hiyo, na iwadhibiti madereva wanaokatisha ruti. Walionunua viwanja mbali kwa kufuata bei walijua barabara ikoje, lakini hata wao wanastahili basi.

Mkazi wa Msakuzi
Ndugu mleta mada, hilo la viwanja sitaliacha lipite. Sikufuata bei, nilikwenda pale mshahara wangu uliponifikisha, baada ya miaka ya kulipa kodi ya chumba kwa miezi sita sita. Serikali yenyewe, katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwauzia watu Buyuni, Kibada, Toangoma na Bunju. Je, na hao nao utawaambia kwamba walijua?

Mzee wa Magomeni
Mwenzetu amekasirika, lakini swali la mleta mada ni halali. Mji unaotanuka kwa kila mtu kujipimia kiwanja chake hauachi upenyo wa barabara ya basi, na mitaa mingi ya pembezoni leo haipitishi hata Coaster mbili zikipishana. Viwanja vya Buyuni angalau vilipimwa.

Mkazi wa Msakuzi
Mzee wangu, kwa heshima, Magomeni ilipimwa na wengine kabla yako, nawe ukaikuta barabara. Usitulaumu sisi kwa kukosa bahati hiyo.

Dereva, ruti ya Goba
Mnagombana juu ya viwanja, nami nimeguswa na neno la kukatisha ruti, linaloandikwa kana kwamba tunafanya hivyo kwa kuwachukia abiria. Asubuhi gari hujaa kutoka Goba na kurudi tupu. Jioni mambo hugeuka. Mafuta huungua pande zote mbili, na hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo mwenye gari anataka nimpelekee kila siku, haipungui hata shilingi. Dereva anayegeuzia njiani anatafuta hesabu hiyo. Sasa mnataka kumpa ruti fupi yenye nauli ndogo, kwenye barabara ya makorongo inayomaliza springi na matairi, halafu sehemu ya nauli imsubiri kwenye mfumo wa tiketi hadi atakapolipwa. Mwenye gari gani atakubali?

Mama wa Chamazi
Dereva amesema kweli, ila hajamtaja mwanafunzi. Kwa kuwa analipa nauli pungufu, konda humzuia mlangoni, naye hufika shuleni somo la kwanza limekwisha. Huku upande wa Mbagala tumejengewa njia ya mwendokasi, lakini kutoka Chamazi kuifikia bado ni gombania goli, na usiku ni bodaboda kwa bei anayoitaka yeye. Mimi viwanja havinihusu. Nataka gari linaloondoka kwa saa iliyoandikwa, hata kama halijajaa.

Mleta mada
Maneno yangu kuhusu viwanja nayasimamia. Hata hivyo, dada wa Chamazi amegusa kiini: gari haliwezi kuondoka kwa saa ikiwa kipato cha dereva kinategemea idadi ya vichwa. Basi mwenye gari alipwe kwa kilomita alizotembea kwa ratiba, nauli zote ziingie mfuko mmoja, na mwanafunzi asiwe hasara ya mtu yeyote.

Dereva, ruti ya Goba
Kwa kilomita nakubali, mradi malipo yafike kila wiki bila kuchelewa na greda lipite barabarani kabla ya masika. Lakini saa tano asubuhi, gari likiwa na abiria wawili, upungufu wa mfuko huo ataufidia nani: abiria wa njia kuu, halmashauri, au sisi?

Mkazi wa Msakuzi
Halmashauri. Kodi ya jengo tunalipa, pamoja na huo umbali wetu.