Binti anataka kuingia shindano la uchoraji kuhusu safari za anga za baadaye, naombeni ushauri

Mama_Wawili
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 13, kaona tangazo la shindano la sanaa la vijana, mada ni maisha ya binadamu angani miaka ijayo. Anachora vizuri mno kwa penseli za rangi, ila kila akikaa inatoka roketi inapaa, nyota kibao na bendera, na mwenyewe analalamika kwamba kila mtoto atachora hivyo hivyo. Halafu wanataka na maelezo mafupi ya kazi yake. Mjomba wake anasema picha ipitishwe kwenye akili mnemba ing'ae, mimi moyo unakataa. Nimsaidieje bila kumharibia?

Kalamu_Tupu
Dada roketi haina shida, shida ni kwamba hamna mtu kwenye picha. Mwulize tu, hiyo roketi ikishafika nani anashuka, anaenda kufanya nini, nani kabaki nyumbani anamsubiri? Akipata jibu la hilo picha itakuja yenyewe. Na kama ni Mars mwambie ajue machweo ya kule ni kinyume na ya kwetu, mchana anga ina rangi ya vumbi, kama kahawia iliyopauka, ila jua likizama pale pembeni yake panakuwa bluu kwa sababu ya lile vumbi laini lililotanda hewani. Wengi watachora machweo mekundu. Hiyo bluu peke yake itamfanya jaji asimame kuangalia.

Fundi_Mitambo
Naongezea kwenye makazi. Watoto wengi wanachora majumba ya vioo, yanapendeza lakini mionzi kule ni kali, wataalamu wanafikiria zaidi nyumba zilizofukiwa kwa udongo wa huko huko au kuishi ndani ya mapango yaliyoachwa na lava. Mwezini anga ni jeusi hata mchana na bendera haipepei maana hamna upepo, zile za Apollo, safari za Wamarekani kwenda Mwezini, ziliwekewa kijiti juu ndo maana zinaonekana zimenyooka. Na hewa ya kuvuta haiji bure, kuna kimashine kinaitwa MOXIE kilikuwa ndani ya Perseverance, lile gari la utafiti la NASA kule Mars, kati ya 2021 na 2023 kimetengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya kule ikafika jumla ya gramu 122. Yani gramu, sio kilo. Hapo kuna picha nzuri sana, mtu anayelinda mashine ya hewa ya kijiji kizima.

Bibi_Sanaa
Fundi nakuheshimu ila tusimjaze mtoto sayansi mpaka mkono ukaganda. Alan Bean alitembea Mwezini mwaka 1969 na Apollo 12, baadae akaacha kazi ya uanaanga akawa mchoraji, na Mwezi wake aliupaka rangi ambazo kule hakuziona, kwa sababu alitaka kuonyesha alivyojisikia. Na Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, 1965, alipanda na penseli zake za rangi zimefungwa nyuzi zisielee, akachora mawio akiwa huko huko juu. Penseli za rangi mama, hizo hizo za binti yako. Ukweli uwepo, ila moyo wake ndo uamue kipi kikae mbele.

Msoma_Masharti
Mjomba akae pembeni kwa hili. Mashindano mengi ya vijana yanataka kazi ya mkono wa mtoto mwenyewe na yapo yanayokataza akili mnemba waziwazi, soma masharti yao mpaka mwisho. Angalia pia umri unahesabiwa tarehe gani, kama inahitajika sahihi ya mzazi, na wakishapokea picha wana haki ya kuifanyia nini. Asiweke mhusika wa katuni au sinema, wengi wanaenguliwa hapo. Mkiipiga picha mpige karibu na dirisha mchana, bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi, penseli za rangi zikipigwa na flashi zinang'aa na kazi yote ya kivuli inapotea. Maelezo aandike yeye, wewe sahihisha herufi tu.

Mama_Wawili
Asanteni sana jamani, nimemsomea yote. Kaganda kwenye ile mashine ya hewa! Anataka kuchora bibi kizee kule Mars anaikagua jioni, mjukuu kashika taa, nje ile bluu. Roketi kaiweka mbali kabisa, ndogo. Sasa anauliza ardhi aipake nyekundu kabisa?

Kalamu_Tupu
Hapana, nyekundu tupu itaua ile bluu. Rangi ya kutu, maana ni chuma kilichoshika kutu kweli. Aanze na kahawia nyepesi, aweke chungwa kidogo juu yake, mawe ayaache na kijivu. Na hiyo taa ya mjukuu aiachie karatasi nyeupe tangu mwanzo, penseli nyeupe haitafunika rangi ikishapita.

Mama_Wawili
Kashaanza kuizungushia hiyo taa penseli.